Mkweche wa Milango Miwili

Kuna magomvi ya ndani ambayo hata mshenga hajui pa kuyaanzia. Nyumba ndogo ina namna yake ya kusutwa, mawifi wana namna yao ya kuzoeleka. Lakini mumeo (au mkeo, wapo!) anaporudi jioni macho yanang'aa, anatoa simu na kukuonyesha picha ya gari lililolala chini ya turubai miaka kumi na tano, tairi zote nne chini, kuku katagia kwenye kiti cha dereva, halafu anakwambia "nimepata gari," hapo unamjibu nini?

Swali hili limenifikia mwezi huu kupitia shosti wangu mmoja. Yeye ni mfamasia, mumewe yuko benki. Wana miaka mitatu ya ndoa, wamepanga hapa Dar, na wana kiwanja Goba ambacho msingi umeshakamilika na hela za matofali zinajikusanya taratibu kwenye akaunti ya pamoja. Gari lenyewe liko Moshi. Ni Datsun 240Z, rangi ya chungwa iliyogeuka kuwa rangi ya udongo. Muuzaji anataka milioni 8.

"Milango miwili na viti viwili," shosti akanisisitizia. "Tukipata mtoto tutamkalisha wapi, juu ya bonneti?"

Nilicheka, lakini sikumuunga mkono haraka. Kabla hujamwita shemeji yangu chizi, inabidi kwanza ujue yeye anaona nini pale wewe unapoona kutu na mayai ya kuku.

Datsun 240Z si mkweche wa hivi hivi. Nissan walianza kuiuza mwishoni mwa mwaka 1969: bonneti ndefu, nyuma fupi, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, kabureta mbili, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Marekani iliuzwa kwa bei ambayo magari ya michezo ya Ulaya yenye uwezo kama huo hayakuweza kuifikia, na Wamarekani wakaipenda. Huku kwetu sifa yake ilitoka kwenye vumbi na tope la Safari Rally, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakarudi na 240Z, wakashinda tena. Halafu mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na msomaji ramani wake Lofty Drews, wakamaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, lakini ule wa kwanza aliupata ndani ya 240Z.

Baba yake shemeji alikuwa kijana miaka hiyo, na aliyaona magari yale kwa macho yake, amesimama kando ya barabara na vumbi likimjaa kichwani. Mwanawe kakua akisikia hadithi hiyo kila sikukuu. Sasa mzee hayupo. Kwa hiyo shemeji anapoangalia ile picha ya turubai, haangalii chuma.

Hilo nalielewa na sitamcheka. Tatizo ni kwamba mtu aliyependa huwa hakubali kusema "naitaka tu," anatafuta hesabu ya kuhalalisha. Na hesabu ya shemeji ilikuwa hii: Januari 2020, kwenye mnada Marekani, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa dola 310,000. Amelihifadhi lile tangazo kwenye simu, analifungua kila akibanwa. "Huu ni uwekezaji, mke wangu."

Jamani! Gari lile la mnadani lilitunzwa tangu utoto wake, lilitembea kidogo, na karibu kila kitu ndani yake kilikuwa kile kile kilichotoka nacho kiwandani. Watu walilipia kule kutoguswa. Gari la Moshi limeguswa na kila mtu, hadi kuku. Ukilifufua kwa bati jipya, rangi mpya na viti vilivyoshonwa upya linaweza kuwa zuri sana, lakini haliwezi kuwa lile.

Na kama bado unabisha, wasikilize Nissan wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan ya Marekani ilianza mpango wa kununua 240Z za zamani, kuzifufua na kuziuza upya kupitia mawakala wake kwa takriban dola 25,000 kila moja. Walilenga magari kama 200. Hawakufika hata 50, mpango ukafungwa, maana kulifufua gari moja kulikula hela na muda kuliko walivyotegemea. Hiyo ni kampuni iliyolitengeneza gari lenyewe, yenye michoro, mafundi na spea. Wewe una fundi wa Ilala na Jumamosi mbili kwa mwezi.

Kwa hiyo tulimalize la biashara: kama sababu yako ya kununua gari bovu la michezo ni faida, usinunue. Nunua bondi. Kama sababu ni kwamba unalipenda na unataka kulifufua kwa mikono yako, hapo tunaweza kuongea, na maongezi yanaanzia chini ya gari.

Wanaume wengi (nisamehewe) wakienda kuangalia gari la namna hii hufungua bonneti kwanza. Wanasimama wanne, mikono kiunoni, wanaitazama injini kama wanatazama maiti. Lakini injini ya 240Z ndiyo sehemu ya kuogopwa kidogo kuliko zote. Bloku yake ni ya chuma kizito, ni ndugu wa damu na ile injini ya silinda nne ya Datsun 1600 SSS, na fundi yeyote mzee aliyefanya kazi na Datsun anaijua. Ikiwa imekaa miaka mingi, usikubali muuzaji akuwashie kwa betri ya kuazima ili kukufurahisha. Petroli ya zamani inageuka kuwa kama gundi ndani ya tangi na kabureta, na pete za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na silinda. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, iache ilale, kisha izungushe taratibu kwa spana. Ikizunguka, shukuru Mungu. Isipozunguka, bado hujafika mwisho wa dunia.

Mwisho wa dunia uko kwenye bati. Gari hili halina chesisi ya peke yake chini kama Land Rover au lori. Bodi ndiyo chesisi. Sakafu, vizingiti vya milango na zile reli mbili zinazopita chini kutoka mbele ndivyo vinavyolishika gari lisijikunje katikati. Na 240Z zinajulikana dunia nzima kwa ugonjwa mmoja: zinaliwa na kutu. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga ya kiwandani ilikuwa ndogo. Maji yanakaa ndani ya vizingiti, yanakaa chini ya kapeti, yanakaa mahali pa tairi la akiba na kwenye mdomo wa buti. Sehemu ya hatari zaidi huwezi kuiona kwenye picha: ni pale betri inapokaa. Kwa miaka mingi tindikali inavuja, inakula ile sahani ya betri, halafu inashuka kimyakimya hadi kwenye reli iliyo chini yake. Juu unaona doa dogo la kutu. Chini kuna shimo la kupitisha ngumi.

Sasa, vifaa. Chukua sumaku ndogo uifunge na kitambaa isikwaruze, tochi, bisibisi, na mkeka wa kulalia. Pitisha sumaku kwenye fenda, kwenye kona zilizo mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na chini ya milango. Inaponata, kuna bati. Inapoteleza na kuanguka, kuna pati iliyopakwa na kupulizwa rangi, na pati haishiki gari. Ingia chini na bisibisi uguse reli na sakafu kwa nguvu kiasi. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu. Fungua kapeti hata kama ameligundisha, na zaidi sana kama ameligundisha jana.

Gari lililoishi Moshi au Nairobi lina nafuu kuliko lililoishi Tanga au Mombasa, maana chumvi ya bahari haina huruma na bati. Nafuu tu lakini, si msamaha, maana mvua ya Moshi nayo si ya utani. Nakushauri pia umchukue fundi wa bodi, si fundi wa injini, umlipe siku yake na nauli, na usimwambie kwamba umeshalipenda gari. Fundi akijua umependa, naye atalipenda.

Jingine ambalo watu hulisahau ni vitu vidogo. Injini unaweza kuchonga, bati unaweza kuchomelea. Lakini taa za nyuma, raba za milango, vioo, nembo, vishikio, saa za dashibodi? Gari kamili lenye kutu ya wastani naliona bora kuliko gari lenye bati zuri lililonyofolewa nusu. Spea za 240Z bado zinatengenezwa, hasa Marekani ambako wapenzi wake ni wengi, lakini Wamarekani wanaendesha usukani wa kushoto. Dashibodi yao, ambayo kwa kawaida ndiyo inayopasuka kwa jua, haikufai wewe wa usukani wa kulia. Utaitafuta Uingereza, Australia au Japani, na kila boksi likitua bandarini lina ushuru wake. Shemeji aliingiza kwenye bajeti bei ya spea, hakuingiza hata shilingi moja ya usafiri. Shosti aliligundua hilo kwa dakika mbili. Wafamasia wanaagiza vitu nje kila siku, usicheze nao.

Karatasi nazo. Mwenye gari la Moshi alishafariki. Kadi bado ina jina lake, na anayeuza ni mtoto wake wa kwanza, mtu mwema kabisa, aliyesema "hilo halina shida, sisi ndugu tumeelewana." Hilo lina shida. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto aliyebaki na funguo. Ukimlipa kaka mkubwa leo, dada mdogo anaweza kutokea mwakani wakati gari linang'aa na kuuliza nani alimuuza baba yake. Na TRA hawatabadilisha jina kwa sababu mmeelewana. Pamoja na hilo, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. 240Z ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Japani, namba yake ya chesisi huanza na HS30. Ukikuta kitu kingine, uliza maswali kabla hujatoa hela. Na gari likiwa na namba za Kenya, usidanganywe kwamba utavuka nalo Namanga na kulizoea; forodha wanalisubiri, na kodi ya gari chakavu inaumiza.

Haya. Tuseme bati linafaa, karatasi zinanyooka, na bei imeshuka. Bado hatujafika kwenye swali gumu, ambalo liko nyumbani.

Nilimuuliza shosti mara tatu kwa nini hasa hataki. Mara ya kwanza alisema matofali. Ya pili alisema viti viwili. Ya tatu akanyamaza, halafu akanisimulia kuhusu Peugeot 404 ya baba yake. Ilikaa juu ya mawe uani kwao, Dodoma, tangu yeye yuko darasa la pili mpaka anamaliza kidato cha sita. Kila mshahara ulipotoka baba alinunua kitu kimoja cha gari, na kila mwezi mama alikopa kwa jirani. Ada ilikuwa inachelewa, Peugeot ilikuwa inapata taa mpya. Haikutembea hata mita moja. Baba alipostaafu akaliuza kwa wanunua vyuma chakavu, na mama akakaa ndani siku nzima hakutoka.

Miaka mitatu ya ndoa, na shemeji hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Yeye aliamini mkewe hapendi tu magari ya zamani. Mkewe aliamini mumewe anajaribu kujionyesha kwa wenzake wa benki. Hapo ndipo walipokuwa wanagombania milioni 8, kumbe kila mmoja ana baba yake ndani ya lile gari.

Nikiwa mhariri wa ukurasa huu napata visa vingi vya hela, na nimekuwa mbishi juu ya jambo moja: kabla ya kuuliza "tunaweza kumudu?" muulizane "ukiona gari bovu unakumbuka nini?" Siyo falsafa. Ni kwamba jibu lake linabadilisha masharti. Shosti hakuwa anahitaji kuambiwa kwamba gari litapendeza. Alikuwa anahitaji tarehe ya mwisho, kwa sababu Peugeot haikuwa nayo.

Basi wakakaa Jumapili moja wakaandika. Siyo mkataba wa mwanasheria, ni daftari la kawaida. Hela ya gari haitoki akaunti ya pamoja hata kwa kuazima. Shemeji amefungua yake, anaweka kiasi walichokubaliana kila mwezi baada ya mchango wa matofali kutoka. Hakuna mkopo wa SACCOS, hakuna mkopo wa mfanyakazi, na yeye yuko benki, vishawishi viko mezani kwake. Gari likinunuliwa litabaki Moshi kwa baba yake mdogo mwenye banda, kwa sababu mwenye nyumba wa Dar hatakubali na mbu nao hawahitaji makazi mapya. Bati kwanza, rangi mwisho. Hakuna kulifumua gari zima siku ya kwanza. Hili la mwisho nililiongeza mimi. Magari mengi ya namna hii hayafii kwenye kutu, yanafia kwenye maboksi: mtu anafungua kila nati Jumamosi moja kwa furaha, na miezi sita baadaye hakumbuki ipi ya wapi. Fungua sehemu moja, weka nati kwenye mfuko, andika, piga picha, maliza, ndiyo uende nyingine.

Na tarehe. Tangu siku ya kulinunua wamejipa miaka miwili. Kama gari halijasimama kwa tairi zake na kujiendesha lenyewe kutoka bandani hadi barabarani, linauzwa lilivyo, bila kikao.

Je, ni masharti makali? Mimi nayaona ya haki. Shemeji aliyaona makali mpaka shosti alipomsimulia ile ya Peugeot, na baada ya hapo yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kupunguza kutoka miaka mitatu hadi miwili.

Walikwenda Moshi wote wawili na fundi wa bodi. Aliyelala kwenye mkeka na tochi alikuwa shosti. Anasema hakumwamini yeyote kati ya wale wanaume wawili kusema ukweli kuhusu kile watakachokiona. Namba ilianza na HS30 na ililingana na kadi. Injini, baada ya oili kulala humo usiku mzima, ilizunguka kwa spana. Nyuma, mahali pa tairi la akiba, bati lilikuwa zima kuliko walivyotarajia. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa na matundu matatu, na reli iliyo chini ya betri ilikuwa imeliwa urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Fundi alisema inachomeleka, ila kwa bati la maana na kwa kupima pande zote mbili, na akataja bei ya kazi ya bati peke yake iliyozidi bei ya gari.

Shemeji alisema nusu saa nzima hakuongea. Kisha akamwambia muuzaji milioni 5, na hakuna hata senti ya kishika uchumba mpaka karatasi ya msimamizi wa mirathi iwe mezani. Muuzaji aliguna, akatembea mpaka kwenye mgomba, akarudi, akakubali.

Watoto wa marehemu ni watatu. Mpaka tunakwenda mitamboni wawili walikuwa wameridhia, na wa tatu, dada yao aliyeolewa Mwanza, alikuwa hajajibu. Shosti ndiye mwenye namba yake ya simu.